Maji Yaliyotoroka Usiku

Mjini Butembo, Kivu ya Kaskazini, kwenye mteremko unaoshukia mto Kimemi, palikuwa na mama mmoja mwenye nyumba ya wageni ya vyumba sita. Butembo ni mji wa wafanyabiashara. Vijana wake wanajua njia ya Kasindi hadi Kampala, na wazee wake wamekwisha kufika Dubai na Guangzhou kutafuta mali. Lakini kwenye nyumba nyingi za mji huo bomba halijafika. Maji ni ya mvua, yanayokingwa kwenye mabati, au ni ya chemchemi bondeni, yanayopandishwa mlimani kwenye bidoni za lita 20, mkanda ukiwa umekaza kwenye paji la uso la mwanamke. Anayeishi hapo hahitaji kuambiwa thamani ya maji. Shingo yake inaijua.

Mama huyo alikuwa na tangi kubwa la lita 1,000 juu ya mnara wa mbao. Maji yalishuka kwa mpira hadi jikoni, bafuni, na kwenye choo kimoja cha kukalia ambacho wageni walikisifu. Juu ya choo hicho kulikuwa na kitangi cha zamani, alichokinunua marehemu mumewe Kampala. Ndani yake hakukuwa na kizibo cha mpira kama vingi vya siku hizi. Kilikuwa na sifoni.

Mwishoni mwa mwaka 2018 kitangi kile kilianza kusumbua. Mgeni alikuwa akishusha mkono wa chuma mara moja, maji yanakohoa kidogo na kunyamaza. Akarudia mara ya pili, ya tatu, ya nne, ndipo yakaporomoka. Mama akaona aibu. Akamwita fundi kijana, naye hakufungua hata mfuniko. Alisema, "Mama, hii ni ya zamani, tutoe. Siku hizi watu wako wanatumia ya kubonyeza." Kesho yake sifoni ikang'olewa na kutupwa stoo, nyuma ya magunia ya makaa. Mahali pake pakawekwa mtambo mpya wenye kitufe kinachong'aa na kizibo cha mpira chini. Mama alibonyeza kwa kidole kimoja, maji yakashuka. Alifurahi na kulipa.

Siku zile hazikuwa za kawaida. Tarehe 1 Agosti 2018 ilikuwa imetangazwa kwamba Ebola imeingia Kivu ya Kaskazini. Ilianzia upande wa Mangina, ikashika Beni, na mwanzoni mwa 2019 ikawaka Butembo na Katwa. Kabla ya kutangazwa kwisha tarehe 25 Juni 2020, iliua watu 2,287 kati ya wagonjwa 3,470. Kila mlango wa duka, kanisa na ofisi uliwekewa ndoo yenye robine na maji ya klorini. Mchanganyiko mwepesi wa asilimia 0.05 ulikuwa wa mikono. Ule mkali wa asilimia 0.5 ulikuwa wa kupangusia sakafu na vyoo.

Mama aliogopa kama sisi sote tulivyoogopa, akatafuta namna ya kulinda wageni wake. Akamwamuru binti wa kazi: kila jioni, maji makali ya klorini yanayobaki yamwagwe ndani ya kitangi, ili choo kijisafishe chenyewe. Binti akatii. Hakuna aliyejua kwamba klorini kali ikikaa na mpira siku hadi siku huula: mpira hukakamaa, ukingo wake hujikunja, ukaacha kulala sawasawa juu ya tundu lake.

Januari ikapita, Februari ikaingia na mvua chache. Tangi kubwa likaanza kuisha upesi kuliko zamani. Mama alinunua bidoni kumi, kesho kutwa kumi tena. Akahesabu wageni, akahesabu nguo zilizofuliwa, na hesabu haikukubali. Mwisho akamgeukia binti. Alimwambia mbele ya wageni kwamba ana mkono wa kumwaga, kwamba maji anayachezea kwa kuwa si yeye anayeyalipia. Akamkata mshahara. Binti alilia jikoni, na alfajiri akachukua mkanda na bidoni, akashuka bondeni.

Ndipo ukaja usiku wenyewe. Mgeni mmoja aliyetoka Beni aliamka saa nane na homa, akatapika chumbani na kwenye korido. Mwaka ule, katika mji ule, kila aliyesikia sauti hiyo alijua cha kuogopa. Mama alikumbuka yote aliyofundishwa: usimguse mgonjwa, tenga chumba, nawa mikono, mwaga klorini, piga simu. Akachukua kopo la unga wa klorini, akafungua robine ya jikoni. Ikatoa pumzi. Ya bafuni, kimya. Ndoo ya mlangoni ilikuwa na unyevu chini tu. Tangi la lita 1,000 lilikuwa tupu.

Mama alisimama gizani, dawa mkononi na maji hakuna. Binti ndiye aliyekwenda kugonga kwa jirani, akaomba kwa mbali, na jirani akaacha bidoni moja langoni na kurudi ndani. Kwa maji hayo ya kuomba walinawa na kusubiri mapambazuko. Asubuhi timu ya kupambana na ugonjwa ikaja na kumchukua mgonjwa. Alipimwa, na kwa kuwa kipimo cha kwanza hakitoshi, alipimwa tena baada ya saa 48. Hakuwa na Ebola; ilikuwa malaria. Mungu aliwahurumia. Lakini huruma ya Mungu si tangi la kuwekea akiba ya uzembe, na mama alijua hivyo. Akamtafuta fundi mwingine.

Safari hii alikuja mzee aliyekuwa ametunza mabomba ya misheni miaka mingi. Hakuanza na koleo. Aliomba kikombe cha kahawa nzito, ile ya milima yetu, isiyo na sukari. Akaimimina ndani ya kitangi na kusema, "Mama, tungoje. Mtu asiguse." Wakakaa. Baada ya muda mfupi, utando wa hudhurungi ukaanza kuteremka kimya kwenye ubavu mweupe wa choo, na hakuna aliyebonyeza kitu.

"Mayi yako iko inapita hapa," mzee akasema. "Usiku na mchana."

Kisha akafunga robine ya kuingizia maji, akachora alama ya penseli kwenye usawa wa maji, akaangalia saa. Baada ya dakika 15 maji yalikuwa yameshuka. Akayarudisha hadi kwenye alama kwa kikombe cha robo lita, akihesabu kwa sauti: vikombe 15. Kikombe kimoja kila dakika. Ni lita 15 kwa saa. Ni bidoni sita toka saa tatu usiku hadi saa kumi na moja alfajiri. Ni bidoni 18 kila siku ya Mungu. Kadiri maji yalivyotoroka, boya lilishuka na kufungua njia, na tangi kubwa likajazia, bila mlio wowote wa kumwamsha mtu. Binti wa kazi alikuwa amesimama mlangoni akisikiliza hesabu hiyo. Mama hakuweza kumtazama.

Mzee akaomba aone mtambo wa zamani. Wakautoa nyuma ya makaa, akaupangusa na kuufungua mezani.

"Mumeona wale wanauza mafuta barabarani, akina kadafi?" akauliza. "Mpira mmoja ndani ya bidoni ya juu, mwisho mwingine chini. Mafuta ikisha kupita kilima cha mpira, inajivuta yenyewe. Hii ni ndugu yake."

Sifoni ya choo ni bomba lililopinda kama mgongo wa paka. Mguu mmoja, mpana kama kengele, umesimama ndani ya maji ya kitangi. Mguu mwingine unashuka hadi chooni. Kilele cha pindo kiko juu ya usawa wa maji. Hapo ndipo siri ilipo. Kitangi kikijaa, maji hayawezi kuondoka, kwa sababu njia pekee ya kutokea inapanda kwanza kabla ya kushuka, na maji hayapandi mlima bila kusukumwa. Hakuna tundu chini linalofunguliwa na kuzibwa kwa mpira kila mara. Ukuta ndio mlango.

Ndani ya kengele kuna sahani yenye matundu, na juu ya sahani kumelazwa kiwambo, yaani kipande cha plastiki laini. Unaposhusha mkono, sahani inapanda. Uzito wa maji unakilaza kiwambo juu ya matundu na kuyaziba, kwa hiyo maji yote yaliyo juu yake yanainuliwa kwa mkupuo na kurushwa ng'ambo ya pindo. Yakianza kuanguka kwenye mguu mrefu, yanaacha upungufu nyuma yake, na hewa inayokandamiza uso wa maji kitangini inayasukuma mengine yafuate. Sasa kiwambo kinajiinua chenyewe na kuacha maji yapite kwenye matundu. Wewe umeshaondoa mkono, lakini maji yanaendelea hadi yashuke chini ya mdomo wa kengele. Hapo hewa inaingia, unasikia mkoromo, na mnyororo wa maji unakatika. Boya linafungua njia, kitangi kinajaa upya.

Mzee akakiinua kiwambo kwenye mwanga. Kilikuwa na mpasuko wa urefu wa kidole. Kila sahani ilipopanda, maji yalirudi chini kupitia mpasuko huo, yasifike juu ya pindo. Ndiyo maana wageni walishusha mkono mara nne.

"Hii tu, Papa?" mama akauliza.

"Hii tu, Mama."

Akachukua plastiki nzito, akalaza kiwambo cha zamani juu yake kama mshonaji alazavyo kielelezo, akachora, akakata kwa mkasi. Akarudisha sifoni mahali pake. Mama akashusha mkono mara moja, kwa nguvu, kama alivyokuwa akifanya mumewe. Maji yakapanda pindo na kuporomoka yote.

Mtambo huo una historia inayopaswa kutuonya. Katika karne ya 19 makampuni ya maji ya London yalichoka kuona maji yakipotea kwenye vyoo vyenye vizibo vinavyovuja, na sheria zikaelekea kwenye vitangi visivyo na kizibo. Mwaka 1898 Albert Giblin alipata hataza ya kitangi cha sifoni cha namna hiyo, na jina la Thomas Crapper, aliyeviuza, likaenea. Uingereza iling'ang'ania sifoni hadi mwaka 2001, ndipo kanuni mpya zikaruhusu vizibo. Mwaka 2020 shirika la Waterwise la nchi hiyo lilikadiria kwamba vyoo vinavyovuja vinapoteza lita milioni 400 kila siku. Taifa lenye mabomba kila nyumba linaweza kubeba hasara hiyo. Nyumba ya Butembo haiwezi kubeba hata bidoni 18.

Sisemi mtambo wa kubonyeza ni mbaya. Ukitunzwa, unafanya kazi vizuri, na unaweza kutumia maji machache. Ninachosema ni kwamba kila mtambo una namna yake ya kufa. Sifoni ikichoka inakataa kazi: inakulazimisha uijue shida yake, huku maji yako yakibaki salama. Kizibo cha mpira kikichoka kinaendelea kukuitikia vizuri kila unapobonyeza, huku kikikuibia usiku. Mama yule alikitupa kilichomlalamikia wazi, akakikumbatia kilichomwibia kimya, kisha akamwadhibu mtu asiye na kosa. Hayo yote yalitokana na jambo moja: hakuna aliyefungua mfuniko na kuuliza kitu hiki kinafanyaje kazi.

Basi wewe usomaye, shika haya. Usikubali fundi ang'oe kitu kabla hajakuonyesha kilichoharibika. Klorini iweke sakafuni, chooni na kwenye ndoo ya kunawia, kwa kipimo chake. Usiifungie kitangini pamoja na mipira. Usiku wa leo, kabla ya kulala, mimina kikombe cha kahawa kitangini, na asiguse mtu kwa nusu saa. Maji ya chooni yakibadilika rangi, umempata mwizi. Na maji yakipungua nyumbani kwako, pima kwanza, ndipo umtaje mtu.

Jioni ile mama alimwita binti mbele ya wageni walewale. Akamrudishia mshahara aliokuwa amemkata, akamwomba msamaha kwa sauti ya kusikika na kila mtu. Kisha akachukua mkanda uliokuwa umetundikwa mlangoni, akauweka kwenye paji la uso wake mwenyewe, akashuka bondeni kuteka bidoni ya kumrudishia jirani.