Shukrani ya Punda

Mtu akikupa kitu bure kisha kikaharibika, unamdai nini?

Swali hili liko ndani ya matatu ya Kitale kwenda Bungoma, mkononi mwa kijana anayecheza God of War ya 2005 kwenye simu. Gemu hiyo ilitengenezewa PlayStation 2, mashine ambayo Sony iliacha kuitengeneza mwanzoni mwa 2013. Inachezeka kwa sababu ya emuleta, programu inayoifanya simu ijifanye ni ile mashine. Karibu na Webuye skrini inaganda, programu inajitoa, na saa nzima ambayo hakuhifadhi imeenda. "Hii kitu ni takataka!"

Lakini hebu fikiria kazi yenyewe. PS2 ilikuwa na memori ya megabaiti 32. Simu ya gigabaiti 4 inaishinda zaidi ya mara mia, na bado inalemewa, kwa sababu shida kubwa ni lugha. Emuleta ni kama mkalimani matangani Bungoma: mzee anaongea Kibukusu, yeye anageuza kwa Kiswahili papo hapo, na mzee hangoji. Tena hapa wazee ni kadhaa na wanaongea pamoja, maana ile mashine ilikuwa na vichakataji kadhaa. Nakala ya gemu ikiwa mbovu, BIOS ikikosekana, simu ikichemka ama memori ikijaa, mkalimani anapotea. Mara nyingi kosa si lake.

Mwishoni mwa 2021, mtu anayejiita Tahlreth alitoa AetherSX2, emuleta ya PS2 kwa simu za Android. Bure. Januari 2023 akatangaza anasimamisha kazi. Sababu alizotaja: watu kujifanya ni yeye, malalamiko yasiyoisha, madai, na mwishowe vitisho vya kumuua. Kwa sababu ya gemu, jamani. Shukrani ya punda ni mateke.

Kuna watakaosema: ni bure, basi nyamaza. Hapo sikubali. Wanaojitolea kupika matangani hawalipwi, lakini chakula kikichacha una haki ya kusema. Anayetoa bure bado ana wajibu wa kutokudhuru: asikudanganye, asikuibie data. Asichodaiwa ni kukutumikia milele, wala kuamka usiku kwa sababu simu yako imekwama.

Na yule kijana? Simu aliinunua kwa jasho, bando ni ya kuhesabu. Hasira yake ina msingi, ila ameielekeza kwa mtu asiyehusika.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Jembe letu hapa ni ripoti nzuri: simu gani, toleo gani la Android na la emuleta, gemu gani, iliganda wapi, na je, ulijaribu kubadilisha Vulkan kwenda OpenGL? Ni kazi ya dakika kumi, na inaweza kumwokoa msee mwingine kule Kimilili mwenye simu kama yako. Ukishalima hivyo, wewe si mgeni tena. Unaweza kulalamika kama mwenye nyumba.

AetherSX2 bado inazunguka, inapitishwa simu hadi simu. Lakini Android inabadilika kila mwaka, na aliyeijenga ameshaondoka. Siku itakapogoma kabisa, hakutakuwa na wa kuandikiwa, si kwa matusi, si kwa adabu.