Ghala Limejengwa kwa Ajili ya Nani?

SABATO MCHANA

Soma kwa Ajili ya Funzo la Juma Hili: Mwanzo 41:33-57; Mithali 6:6-8; Mithali 24:27; Kutoka 16:14-30; Luka 12:13-21; 1 Wafalme 17:8-16; Matendo 11:27-30.

Fungu la Kukariri: Mithali 24:27. Lisome katika Biblia yako kila asubuhi juma hili, hadi uweze kulisema bila kutazama.

Kisa hiki hujirudia katika nyumba nyingi za Ufipa. Ni mwezi wa Julai, katika kijiji kisicho mbali na Laela. Zaka imekwisha kutolewa, na uani yamebaki magunia 14 ya mahindi. Mnunuzi amesimama na mizani yake, lori linanguruma barabarani. Baba mwenye nyumba anataka bati za kuezeka nyumba mpya. Tena makambi yamekaribia, na watoto hawana nguo.

Mkewe anamwita kando. “Baba watoto, tukiuza kiasi hiki, Januari watakula nini?”

Mumewe anajibu kama mtu anayeamini anachokisema: “Mama, Mungu aliyetupa haya atatupa na mengine.”

Yakauzwa magunia 11. Matatu yaliyobaki yakaisha kabla ya mvua za kwanza. Kufikia Januari, mahindi yakiwa bado mabichi shambani, mama yule alikuwa akinunua kwa debe sokoni, kwa bei iliyo juu sana kuliko ile ya Julai. Fedha zilipokwisha, yeye na mumewe walikwenda kupalilia mashamba ya watu wengine kwa kibarua, huku shamba lao likimezwa na magugu. Bati zilikuwa zinang’aa juu ya nyumba, na chini yake hapakuwa na unga.

Baba huyu hakuwa mvivu wala mlevi. Alikuwa mtu wa sala. Ni wapi basi alipokosea? Juma hili linachunguza jambo hilo.

JUMAPILI: Sehemu ya Tano

Soma Mwanzo 41:33-36, 46-49. Yusufu alimshauri Farao afanye nini katika miaka ya shibe?

Mungu angeweza kuwanyeshea Wamisri mana. Hakufanya hivyo. Aliwapelekea habari mapema, kisha akawapa mtu mwenye akili ya kupanga. Mpango wenyewe ulikuwa mwepesi kueleweka: katika kila mavuno, sehemu ya tano iwekwe. Sehemu nne zilibaki kwa matumizi. Kuweka akiba hakukuwa kujinyima hadi kukonda. Kulikuwa kujua kipimo.

Tena angalia fungu la 48. Chakula cha mashamba yaliyouzunguka kila mji kiliwekwa ndani ya mji huohuo. Akiba ilikaa karibu na wale ambao wangekuja kuila.

Kaya ya leo inaweza kupima vivyo hivyo. Chukua familia ya watu sita wanaotumia kilo 3 za unga wa dona kwa siku. Kutoka Julai hadi mavuno mapya yanayoanza Mei ni takribani siku 300. Hizo ni kilo 900, yaani magunia 9 ya kilo mia. Magunia matatu aliyobakiza baba yule yalikuwa chakula cha siku 100 tu. Hakuhitaji ndoto ya Farao kuijua njaa ya Januari. Alihitaji kuketi na mkewe, kalamu na karatasi, kabla lori halijafika.

Familia yako hutumia kiasi gani cha chakula kwa mwezi mmoja? Ni nani nyumbani anayejua jibu, na je, huulizwa kabla ya kuuza?

JUMATATU: Kazi Inayozikwa Ardhini

Soma Mithali 6:6-8 na Mithali 24:27. Ni utaratibu gani unaofundishwa katika mafungu haya?

Wazee wa Ufipa waliijua hekima hii kwa jembe. Mvua zikielekea ukingoni, waliyafukia majani chini ya udongo na kuinua matuta ya mviringo yanayoitwa ntumba. Majani yalioza humo taratibu. Mvua za msimu uliofuata zilipoanza, matuta yalisambazwa na ulezi ukapandwa juu ya udongo uliokwisha kulishwa. Mtu alifanya kazi akiwa ameshiba mwaka huu, kwa ajili ya mwaka ambao hajauona. Chungu naye hufanya hivyo, wala hana msimamizi wa kumsukuma.

Mithali 24:27 inatuma watu shambani kwanza, kisha ndipo wajenge nyumba. Mungu hachukii bati. Anaweka tu mambo kwa mfuatano wake.

Lakini kuvuna na kubakiza hakutoshi. Chakula hupotea pia kikiwa ndani. Dumuzi aligeuza mahindi ya Watanzania wengi kuwa vumbi tangu alipoonekana nchini miaka ya 1980. Mahindi yaliyowekwa na unyevu huota ukungu wenye sumukuvu, sumu ambayo haiondoki kwa kupikwa na ambayo hudhuru ini. Kwa hiyo mahindi yaanikwe juu ya turubai, si juu ya udongo mtupu. Njia moja nyepesi ya kuyapima ni kutia mahindi kidogo na chumvi kavu katika chupa kavu na kutikisa kwa dakika chache. Chumvi ikinata kwenye chupa, mahindi hayajakauka. Yakikauka, mifuko isiyopitisha hewa, ambayo wengi huiita kinga njaa, huwanyima wadudu pumzi bila dawa yoyote, mradi kila mfuko wa ndani ufungwe kwa kukazwa na panya wasiutoboe.

Ulezi una neema nyingine: ukikauka vizuri hukaa miaka bila kuliwa na wadudu. Ni akiba ambayo mababu walitegemea mahindi yalipokuwa hayajaenea.

JUMANNE: “Mungu Atatoa”

Soma Kutoka 16:14-30. Kwa nini mana iliyowekwa siku ya tatu ilioza, na iliyowekwa siku ya sita haikuoza?

Mungu yuleyule alikataza kuweka akiba siku tano, na akaiamuru siku ya sita. Mwisraeli aliyeweka mana Jumatatu usiku hakuwa mtu wa imani. Lakini aliyetoka kuiokota Sabato asubuhi, akisema Bwana atatoa, naye hakuwa mtu wa imani. Alikuta nyika tupu, kwa sababu Bwana alikwisha kutoa jana yake.

Hapo ndipo palipo kosa la baba wa kisa hiki. Alisema Mungu atatoa, na Mungu alikuwa amekwisha kutoa. Magunia 14 yalikuwa ndilo jibu la sala ya Januari, limefika miezi sita mapema. Aliliuza jibu, kisha akalisubiri.

Kila Ijumaa nyumba ya Mwadventista huifanyia mazoezi imani ya namna hii. Maji huchotwa, kuni hupasuliwa, chakula hupikwa, nguo hunyooshwa, na jua linapozama watu wako tayari kupokea pumziko. Familia inayojua kuiandaa Sabato moja ina darasa tayari la kuuandaa msimu mzima: kuni kavu ziingizwe ndani kabla ya mvua, mfereji wa kupitisha maji uchimbwe nyuma ya nyumba, kingo za bati zikazwe kabla ya upepo, mbegu zitengwe na chakula, na fedha kidogo ya hospitali iwekwe mahali ambapo haichukuliwi kwa jambo lingine.

Je, umewahi kutumia ahadi ya Mungu ili kukwepa kazi ambayo Yeye mwenyewe amekupa? Ilikuwaje?

JUMATANO: Ghala Lililojaa, Sahani Tupu

Soma Luka 12:13-21. Hesabu ni mara ngapi tajiri huyu anajitaja mwenyewe. Ni nani asiyetajwa kabisa katika mipango yake?

Yusufu alijenga maghala, na tajiri huyu alikusudia kujenga maghala. Mmoja anaitwa mwenye hekima na mwingine mpumbavu. Tofauti haikuwa katika ukubwa wa ghala. Mwanzo 41:56 inasema njaa ilipoenea, Yusufu alifungua. Tajiri hakupanga kumfungulia mtu yeyote.

Neno hili linaingia mpaka jikoni Rukwa. Mkoa huu unahesabiwa miongoni mwa mikoa inayolilisha taifa. Lakini Utafiti wa Afya ya Uzazi na Mtoto na Viashiria vya Malaria Tanzania wa 2022 ulikuta asilimia 49.8 ya watoto wa chini ya miaka mitano mkoani humo wana udumavu. Karibu mtoto mmoja kati ya wawili ni mfupi kuliko umri wake unavyodai, kwa sababu mwili wake ulikosa lishe ya kutosha kwa muda mrefu au uliuguauugua. Na hasara haiishi kwenye kimo. Akili pia huchelewa kukua. Siku 1,000, kuanzia mimba kutungwa hadi mtoto atimize miaka miwili, ndizo zenye uzito mkubwa zaidi.

Inawezekanaje, penye mahindi mengi hivyo? Mahindi yanaondoka na lori. Maharage yanaondoka nayo. Mayai yanakwenda sokoni. Mama mjamzito anashinda shambani kutwa, na mtoto aliyeachwa nyumbani anakula ugali uliopoa mara moja au mbili. Na ulezi, wenye madini ya chokaa na chuma ambayo mtoto anayahitaji, mara nyingi huishia kwenye chungu cha pombe. Nafaka ni ileile: ikienda mahali pamoja ni uji wa mtoto, ikienda mahali pengine ni ugomvi wa usiku.

Soma 1 Timotheo 5:8. Paulo anaweka jambo hili kwa ukali ambao wengi hupenda kuupita haraka. Kuitunza nyumba ni sehemu ya imani yenyewe. Kwa hiyo maandalizi ya kaya hayahesabiwi kwa magunia tu. Yanahesabiwa kwa debe la maharage lisilouzwa, tuta la mchicha na chainizi linalomwagiliwa kwa maji ya kuoshea vyombo, kuku ambaye mayai yake yanaliwa nyumbani, na bakuli ya mtoto inayojazwa uji wa ulezi asubuhi mama akiwa bado hajashika jembe. Na baba ashike ndoo, ili mama apate nafasi ya kunyonyesha.

ALHAMISI: Mlango wa Ghala

Soma Mithali 22:3. Mtu mwerevu hufanya nini aonapo mabaya yakija?

Wenyeji wengi hulieleza jina la Sumbawanga kuwa ni mwito wa kutupa uchawi. Ni mwito mzuri, nao unahitajika hasa katika miezi ya njaa. Nyumba isiyojiandaa ikipatwa na jambo, mara nyingi hutafuta wa kulaumiwa. Kihenge kimetupwa na upepo, mtoto amedhoofu, radi imepiga mti, na mtu anauliza, “Nani ametufanyia?” Kisha macho yanamgeukia bibi kizee wa jirani. Lakini kihenge hakikufungwa, mtoto hakupata lishe, na radi hupiga kilicho kirefu mahali palipo wazi. Mkristo asikae chini ya mti mvua ikinguruma, wala asikae katika baraza la kumsingizia mtu. Afadhali ampelekee bibi yule debe la mahindi.

Soma 1 Wafalme 17:8-16 na Matendo 11:27-30. Mjane wa Sarepta alitoa kutoka katika nini? Wanafunzi wa Antiokia walitoa lini?

Mjane alitoa katika konzi ya mwisho, na unga haukupungua. Waantiokia waliposikia kwa Agabo kwamba njaa inakuja, walikubaliana kila mtu atoe kwa kadiri ya uwezo wake, kisha wakapeleka msaada kwa ndugu wa Uyahudi. Wengine wangeposikia habari ile wangekimbilia kununua na kuficha. Mithali 11:26 inaonya kwamba anayezuia nafaka hulaaniwa na watu, bali baraka humshukia yule anayeiuza wakati wa haja.

Kanisa la kijijini linaweza kutenga mfuko mmoja wa Dorkasi kila familia inapovuna, ukae mahali pakavu, ufunguliwe Februari. Mwenye njaa asilazimike kueleza aibu yake mbele ya watu wengi. Shemasi mmoja na mama mmoja wanatosha kubisha mlangoni kwake jioni.

IJUMAA: Kwa Kujifunza Zaidi

Soma tena Mwanzo 41, halafu Mathayo 6:25-34. Yesu anakataza wasiwasi. Hakukataza kupanda, kuvuna wala kuweka. Ndege wa angani hulishwa na Baba, nao hutoka viotani alfajiri.

Mwaka uliofuata, uani kwa baba yule palibaki magunia 13 baada ya zaka. Safari hii yeye ndiye aliyemwita mkewe. Wakayahesabu pamoja: tisa ya nyumbani, moja la atakayebisha mlangoni. Mnunuzi alipewa matatu, akaondoka akinung’unika kwamba amekuja mbali kwa mzigo mdogo. Nyumba mpya ilihitaji milango na madirisha, na mwaka ule haikupata. Upande mmoja ulizibwa kwa turubai, na upepo wa Julai kwenye uwanda wa Ufipa si wa mzaha. Mwezi wa Februari gunia lile moja lilifunguliwa. Aliyekuja kupokea debe la kwanza alikuwa jirani ambaye mwaka uliotangulia aliwapa wao kibarua.

Maswali ya Kujadili

1. Katika darasa lenu, pigeni hesabu ya chakula cha familia ya watu sita hadi mavuno yajayo. Ni mahitaji gani hushawishi watu kuuza kupita kiasi, na kanisa linaweza kusaidiaje?

2. Kwa nini ni rahisi kusema “Mungu atatoa” kuliko kuuliza “Mungu amekwisha kutoa nini?”

3. Je, mtoto wa kaya yenu, au wa jirani, ananufaikaje na kilichomo ghalani? Taja jambo moja litakalobadilika kuanzia Jumapili hii.

4. Ni nani katika kijiji chenu anayeogopwa au kusingiziwa, ambaye darasa lenu linaweza kumtembelea Sabato hii alasiri?