Alhamisi: Maji Yenye Gharama

Soma 2 Samweli 23:13–17. Kwa nini Daudi alikataa kunywa maji aliyoyatamani mwenyewe?

Daudi alitamani maji ya kisima cha Bethlehemu. Mashujaa watatu wakapenya katikati ya jeshi la Wafilisti, wakayachota na kumletea. Alipoyapokea, aliyahesabu kuwa ni uhai wa watu walioyafuata. Akayamimina mbele za Bwana.

Kesho ni siku ya maandalio (Kutoka 16:22, 23). Ni desturi yetu njema familia nzima ioge kabla jua halijazama. Katika milima ya Upare, ambako ujumbe wetu ulianza kuhubiriwa Tanzania mwaka 1903, jioni huwa na baridi, na kila mtu hutaka maji ya moto. Maji hayo nayo yana gharama. Ndoo ya lita 20 ina uzito wa kilo 20, na mara nyingi hubebwa kichwani na mama au binti, ambaye pia ametoka kutafuta kuni. Kwenye mafiga matatu sehemu kubwa ya joto hupotea hewani, na msitu tuliopewa kuutunza (Mwanzo 2:15) huzidi kupungua.

Huenda mtu akauliza: “Mwili ni hekalu la Roho Mtakatifu (1 Wakorintho 6:19). Je, tupunguze usafi?” La hasha. Tupunguze upotevu. Hakuna haja ya kuchemsha ndoo nzima. Lita 5 zilizochemshwa katika sufuria yenye mfuniko, zikichanganywa na lita 15 za maji baridi, hutoa ndoo ya maji ya uvuguvugu. Dumu jeusi likiwekwa juani tangu asubuhi, kuni hupungua zaidi.

Lakini liko jambo zito kuliko kuni. Amri ya Sabato inamtaja pia mtumishi wa kike (Kutoka 20:10). Jua likizama sisi tumeoga, tunaimba sebuleni, huku binti wa kazi angali anapuliza moto jikoni, akingoja kuoga mwisho kwa maji yaliyobaki, tutasemaje kwamba nyumba yetu imeipokea Sabato? Daudi alikuwa mfalme, lakini aliwakumbuka waliomchotea.

Nyumbani kwako, ni nani huchota maji na kutafuta kuni za siku ya maandalio? Yeye huoga saa ngapi? Jadilianeni darasani: ni badiliko gani moja mnaloweza kulifanya kesho ili wote waingie katika pumziko pamoja?