Jina na Mgonjwa

Butabika ni hospitali ya taifa ya wagonjwa wa akili, mashariki ya Kampala, iliyofunguliwa mwaka 1955. Lakini mjini jina hilo limegeuzwa kuwa tusi: kijana akizidi ukimya, au akilia bila sababu ionekanayo, wenzake humwambia aende Butabika.

Sisi walimu wa lugha tusiuone huo kuwa mzaha tu. Kijana akiugua malaria, twasema ana malaria. Mbona akiugua akili twasema ni kichaa, kana kwamba maradhi yamemmeza mtu mzima?

Shirika la Afya Duniani laeleza kuwa nusu ya maradhi ya akili huanza kabla ya umri wa miaka 18, yaani kijana angali mikononi mwetu. Uganda ilitunga sheria mpya ya afya ya akili mwaka 2018, badala ya ile ya 1964. Hata hivyo, sheria haibadili ulimi.

Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Kweli, ila nasi tujiulize: ni nani aliyemfundisha kijana kuficha, kama si sisi tuliosikia tusi darasani tukanyamaza?