Ila ya Mali na Kiapo cha Muuzaji

Katika stakabadhi nyingi za maduka yetu, chini kabisa, mahali ambapo jicho la mnunuzi aliyekwisha kulipa halina sababu ya kufika, huandikwa kwamba mali ikiuzwa hairudishwi; na suala liletwalo na maneno hayo machache ni kubwa kuliko karatasi yenyewe, nalo ni kama mtu aweza, kwa kutamka sharti, kujivua dhima ya ila aijuayo yeye na asiyoijua mwenziwe.

Hadithi mashuhuri yasimulia kwamba Mtume Muhammad alipita sokoni, akatia mkono katika fungu la nafaka, akakuta unyevu ndani. Na mwenye nafaka alipotoa udhuru wa mvua, hakulaumiwa kwa kunyeshewa, bali kwa kutouweka unyevu ule juu watu wakauona. Kosa, basi, si ila bali kuisitiri.

Kisa kizito zaidi kimo katika Muwatta wa Imam Malik. Abdullah bin Umar, mtu ambaye uchaji wake haukutiliwa shaka, aliuza mtumwa kwa dirhamu 800 kwa sharti kwamba hataulizwa ila yoyote. Mnunuzi akalalamika kuwa mtumwa ana maradhi ambayo hakuambiwa, wakashitakiana kwa Khalifa Uthman, naye akahukumu kwamba muuzaji aape kuwa aliuza bila ya kuyajua. Ibn Umar akakataa kuapa, akarudishiwa mtumwa, ambaye alipona mikononi mwake akauzwa tena kwa dirhamu 1500. (Kwamba bidhaa ya kisa hiki ni mwanadamu, sisi wa pwani, ambao soko la watumwa la Unguja halikufungwa mpaka 1873, hatuna haki ya kulipita kimya.)

Uzito wa hukumu ile umo katika kiapo: sharti liliachwa lisimame juu ya ujinga wa kweli wa muuzaji, lakini juu ya ujuzi wake likaanguka. Wanazuoni wa Kishafii, ambao madhehebu yao ndiyo yafuatwayo na Waislamu wengi wa pwani yetu, walibana zaidi, wakasema kwamba sharti kama hilo humwokoa muuzaji katika ila ya ndani ya mnyama tu, nayo awe hakuijua, kwa kuwa kiumbe hai huweza kumficha maradhi hata mwenyewe; nguo na vyombo havina udhuru huo.

Lakini kurudisha mali hakumfai aliyekwisha kudhurika, hasa ikiwa si yeye aliyenunua. Mwaka 1932 Baraza la Malodi la Uingereza liliamua daawa ya mwanamke aliyedai kwamba, katika mkahawa mmoja wa Paisley, alikunywa kinywaji cha tangawizi alichonunuliwa na rafiki yake, na katika chupa mkatoka konokono aliyeoza. Hakuwa na mkataba na mtu. Ndipo Lord Atkin alipolishika swali la Injili juu ya nani aliye jirani wa mtu, na kwa jibu lake mtengenezaji aliyeziba chupa akabebeshwa dhima kwa mnywaji asiyemjua.

Hapo muuza nyaya za umeme wa Kariakoo atafurahi, maana katoni ilizibwa ng'ambo, naye aweza kuapa kwa haki kwamba hakuijua ila iliyochoma nyumba ya watu. Mimi nisingeridhika na kiapo hicho. Ningemtaka aape pia kwamba, alipouziwa kwa nusu ya bei ya wenziwe, hakupata kujiuliza sababu.