Jina la Malipo na Haki ya Mchezaji

Je, mtu aliyeingia kwa hiari yake katika mchezo wa kubahatisha, kisha akadhulumiwa ndani yake, anayo haki ya kuidai fedha yake? Wako wanaolijibu swali hili kwa neno moja: mcheza kamari na avune alichokipanda. Jibu hilo ni jepesi kulitamka, lakini halitoshi. Katika makala haya tunakusudia kulichunguza swali lenyewe kwa kutazama jambo lililoingia nchini mwetu katika miaka ya karibuni, nalo ni kamari ya mtandaoni inayoendeshwa na makampuni ya ng'ambo, ambayo hupokea fedha za wachezaji kwa majina ya uongo.

Mchezo si jambo geni katika utamaduni wetu. Katika baraza za Handeni na Korogwe, kama kwingineko nchini, wazee wamecheza bao tangu zamani. Ubao una mashimo 32 na kete 64, na umewekwa mbele ya macho ya watu. Watazamaji huhesabu pamoja na wachezaji, na anayekosea hukanywa hapo hapo. Aliyeshindwa humpisha mwenzake, akarudi nyumbani na shamba lake, mbuzi wake na heshima yake. Mchezo huo una ushindani mkali, lakini hauna siri.

Kamari ya fedha nayo haikuachwa bila utaratibu. Mwaka 1974 ilitungwa sheria ya Bahati Nasibu ya Taifa, na mwaka 2003 ikatungwa Sheria ya Michezo ya Kubahatisha, iliyounda Bodi ya kutoa leseni na kusimamia michezo hiyo. Sheria haikuifuta kamari. Iliidai iwe wazi. Mwendeshaji awe na jina, awe na leseni, awe mahali anapoweza kuitwa akajibu, na asimwingize mchezoni mtu asiyetimiza umri wa miaka 18.

Lakini leo kijana wa Manundu au wa Chanika hana haja ya kusafiri kwenda Dar es Salaam kuitafuta kasino. Tangu mwaka 2008, huduma ya kutuma fedha kwa simu ilipoingia nchini, mkoba wake umo kiganjani mwake. Vijana wamekwisha kujitungia msamiati: mashine ya kamari ni dubwi, na orodha ya mechi zilizobashiriwa ni mkeka. Neno lililomkaribisha mgeni akae sasa limekuwa jina la karatasi ya kubahatisha, na mtu akipoteza fedha husema mkeka umechanika. Humo humo kwenye simu hupita matangazo ya kasino zisizo na leseni yetu, ambazo zimesajiliwa mbali, kama katika kisiwa cha Curaçao. Kwa miaka mingi huko wachache waliopewa leseni kuu waliwagawia wengine leseni ndogo, na msimamizi alikuwa mbali na mchezaji. Sheria ya huko ilibadilishwa Desemba 2024.

Yafaa tueleze jinsi udanganyifu wenyewe unavyofanyika. Mitandao ya kadi za malipo duniani humpa kila mfanyabiashara namba inayoonyesha aina ya biashara yake. Namba ya kamari ni 7995. Benki ikiiona namba hiyo, yaweza kuyazuia malipo au kuyachunguza. Basi kampuni isiyotaka kuchunguzwa huyapitisha malipo katika duka la kubuni. Tuseme kijana wa Korogwe amelipa shilingi 200,000 kwa kadi ya simu ili acheze. Katika taarifa ya malipo yake haliandikwi neno kamari. Huandikwa kwamba amenunua nguo katika duka ambalo hajawahi kulisikia. Anapocheza na kushinda, kasino inakataa kumlipa. Akiiandikia, inamjibu kwamba haijapokea fedha kutoka kwake. Akienda kwa mtoa huduma ya fedha, anaulizwa kama nguo zilimfikia. Akienda katika Bodi, anaambiwa kwamba kampuni hiyo haina leseni nchini. Kila mlango aubishao una mtu ndani, lakini hakuna mlango wenye jina la mdaiwa wake.

Hapa ndipo tunapolikuta jambo la msingi. Jina la malipo si pambo la karatasi. Jina ni shahidi wa kwanza wa mapatano. Tuseme mtu wa Handeni amenunua ng'ombe mnadani, akakubali stakabadhi iandikwe kuwa amenunua unga. Mwezi wa pili akitokea mwenye ng'ombe na kusema kuwa ng'ombe huyo aliibiwa, mnunuzi atamdai nani, na kwa karatasi gani? Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Sisi twaongeza kwamba mali yenye daftari la uongo hupotea vibaya zaidi, maana daftari lenyewe humtolea ushahidi mwizi.

Watu wa Korogwe wanaijua thamani ya alama iliyoandikwa. Katika mashamba ya mkonge wakati wa ukoloni, mfanyakazi alikuwa na kipande cha siku 30. Siku isiyotiwa alama katika kipande ilikuwa siku isiyolipwa, hata kama jasho lilimwagika. Kipande kilikuwa chombo cha kumbana mfanyakazi, na wengi walikichukia. Lakini kilifundisha jambo moja: anayeishika kalamu ya kuandika malipo ameishika haki ya mlipwaji.

Sasa tuwasikilize wanaopinga. Wanasema kwamba mchezaji akirudishiwa fedha kila anaposhindwa, atacheza bila hofu: akishinda atachukua, akishindwa atashtaki. Wanasema pia kwamba mahakama hazimsaidii mtu aliyekuja na mikono michafu, na kwamba sheria yetu ya mikataba inayahesabu mapatano ya kubahatisha kuwa batili. Hoja hizi zina uzito, nasi hatuzidharau. Lakini zinachanganya mambo ambayo hayana budi kutenganishwa.

Kwanza, iko fedha iliyopotea kwa bahati, katika mchezo ambao mchezaji aliujua. Hiyo si dhuluma. Ameinunua hofu na tumaini, navyo amevipata. Hana la kudai. Pili, iko fedha iliyobaki katika hesabu yake, au ushindi alioahidiwa akanyimwa. Hiyo ni amana, na kuizuia ni kuvunja uaminifu, hata kama aliyeiweka ni mtu tusiyempenda. Tatu, iko fedha iliyochukuliwa kwa jina la uongo. Kama mchezaji hakujua, amelaghaiwa, na yapasa arudishiwe. Kama alijua, au yeye mwenyewe alikubali iandikwe nguo ili asionekane, basi ameshiriki katika uongo, na asifaidike nao. Hata hivyo, kosa lake halimsafishi aliyeutunga uongo huo. Mwizi hawezi kujitetea kwa kusema kuwa aliyeibiwa alikuwa amelewa.

Mgawanyo huu si ndoto ya wanafalsafa. Marekani ilitunga sheria mwaka 2006 ya kuzuia malipo ya kamari haramu ya mtandaoni. Aprili 15, 2011, waendesha mashtaka wa New York waliwashtaki wakuu wa makampuni matatu ya poka, PokerStars, Full Tilt Poker na Absolute Poker. Walieleza kwamba malipo ya wachezaji yalipitishwa katika maduka ya uongo yaliyodai kuuza vito na mipira ya gofu. Ikadhihirika pia kwamba Full Tilt haikuwa na fedha za kuwalipa wachezaji wake. Mwaka 2012 PokerStars ilikubali kulipa dola milioni 731 katika suluhu, na mwaka 2014 wachezaji wa Full Tilt walioko Marekani walianza kurudishiwa fedha. Walirudishiwa nini? Walirudishiwa salio lililokuwamo katika hesabu zao, wala si fedha walizokuwa wamepoteza mchezoni. Bahati iliachwa kuwa bahati, na amana ikarudishwa kama amana.

Lakini tuangalie pia ni nani aliyeidai haki hiyo. Ilidaiwa na dola yenye nguvu, wala si na mchezaji mmoja mmoja. Na upande wa pili, mwaka 2023 Malta ilitunga sheria inayozitaka mahakama zake zikatae kutekeleza hukumu za nje dhidi ya makampuni ya kamari yenye leseni yake, kwa shughuli zilizo halali nchini humo. Ikiwa raia wa Ujerumani na Austria, wenye hukumu mikononi, wanazuiwa na ukuta huo, kijana wa Handeni mwenye stakabadhi ya nguo atafika wapi?

Hii haina maana kwamba akae kimya. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inautambua udanganyifu unaofanywa kwa kompyuta, na kanuni za Benki Kuu za 2019 za kumlinda mtumiaji wa huduma za fedha zinawataka watoa huduma wayapokee malalamiko na kuyashughulikia. Aliyedhulumiwa na atunze taarifa za malipo, aende mapema, na aseme kweli yote, hata ile inayomwaibisha. Akiendelea kuziita nguo zile nguo, atakuwa ameulinda ukuta uliomfungia nje.

Twawaomba walimu walijadili swali hili na wanafunzi wao pasipo kuwatisha wala kuwacheka waliopoteza. Aibu huwanyamazisha watu, na makampuni hayo yanautegemea ukimya huo. Tuwafundishe vijana kwamba kabla ya kuuliza, "Nitashinda kiasi gani?" waulize, "Nani anaipokea fedha yangu, na ameiandika kwa jina gani?" Mtu asiyeweza kulijibu swali hilo la pili na aiache fedha yake mfukoni.