Ufito wa Mlozi na Mti wa Nyuma ya Kanisa

Somo: Yeremia 1:11-12



Yeremia alikuwa kijana mwenye hofu. Mungu alipomwita alimwuliza swali jepesi: anaona nini? Akajibu kwamba anaona ufito wa mlozi, naye akaambiwa ameona vema. Tulipoisoma sura hii katika ibada ya akina mama Jumatano, tulikuwa tunaipita haraka kama kawaida yetu, mpaka bibi mmoja akauliza: alijuaje kuwa ni mlozi? Ufito si kijiti tu?

Tulikaa kimya, maana swali lilikuwa zuri. Mlozi katika nchi ya Yeremia huchanua wakati baridi inakaribia kuisha, Januari au Februari, maua yakitangulia majani, na miti mingine mingi ikiwa bado imelala. Kwa Kiebrania huitwa shaqed, na neno hilo linafanana sana na shoqed, yaani anayekesha akiangalia. Ndiyo sababu katika mstari wa 12 Mungu anasema analiangalia neno lake mpaka litimie. Kwa Kiswahili mlio huo umepotea. Lakini Yeremia aliutambua mti kwa ufito wake kwa sababu alikua nao, akauona mwaka mzima.

Sisi mti wetu hatukuwa tumeutazama.

Mnaujua ule ulio nyuma ya kanisa, karibu na maegesho. Mwaka jana mwanzoni mwa Aprili, redibadi za mtaani zilikuwa zimejaa maua ya waridi hadi kwenye shina, na dogiwudi, ambayo ndiyo ua la jimbo letu la North Carolina, zilikuwa zinafunguka. Mti wetu ulikuwa mkavu kabisa: gome linabanduka, na vijitunda vya kahawia vilivyopasuka vimening'inia nchani. Kamati ikakubaliana kwamba umekufa. Tukaazima msumeno.

Jirani, mzee mwenyeji, alituona, akavuka barabara akicheka. Akakwangua tawi kwa ukucha wa kidole gumba. Chini ya gome palikuwa kijani kibichi. Akasema huu ni krepi mato, huamka nyuma ya wenzake, na maua yake hutoka kwenye machipukizi mapya ya mwaka huohuo, wakati wa joto. Gome hubanduka kwa asili yake. Mwezi wa Julai wote mlipiga picha chini yake.

Kule tulikotoka pia miti hupukutika. Mjakaranda wa Nairobi humwaga majani, kisha kufika Oktoba umevaa zambarau. Mkrismasi wa Dar es Salaam na Unguja hubaki na maganda yake marefu wakati wa ukame, halafu Desemba unawaka mwekundu. Hatukuwahi kuuletea msumeno, kwa kuwa bibi zetu waliujua. Hapa hatuna bibi wa kutuambia majira ya mti.

Na kupukutika kwenyewe si kufa. Siku zinapokuwa fupi, mti huvuta chakula kutoka kwenye majani na kukiweka akiba katika matawi na mizizi. Ule ukijani huvunjwa, na njano iliyokuwamo tangu mwanzo ndipo inaonekana. Kisha penye kikonyo hujengwa ukuta mwembamba, na kidonda huanza kufungwa hata kabla jani halijaanguka. Hiyo ni kazi ya mti ulio hai. Tawi lililovunjika katikati ya majira ya joto haliwezi kuifanya, hivyo majani yake hukauka na kubaki yameshikilia, hata baridi nzima.

Sasa tuseme lililotuuma. Majira hayohayo ya baridi, dada mmoja wa kwaya aliacha kuja. Tukasema amepoa, dola zimemteka. Mwezi wa Machi tulifuta jina lake kwenye orodha na kumwondoa kwenye kundi la WhatsApp. Hakuna aliyekwenda kwake. Baada ya aibu ya msumeno, wawili wetu tulikwenda. Mama yake alikuwa amefariki Bukavu mwezi wa Desemba, naye hakuweza kusafiri kuzika kwa sababu karatasi zake hazijakamilika. Alikuwa akifanya kazi zamu za usiku na kulala mchana pazia likiwa limefungwa. Kabla hatujaondoka akauliza, kwa sauti ndogo, kama sauti ya tatu imepata mtu.

Sisi tufanyao kazi hospitalini hatutangazi kifo tukiwa mlangoni. Tunabonyeza ukucha na kuhesabu mpaka damu irudi. Tunaweka kidole shingoni, tunasikiliza kifua kwa muda, tunatazama macho kwa tochi. Iweje mtu wa nyumba ya Mungu tumwandike kwa kutazama kiti chake?

Tusidanganyane, yako matawi makavu kweli, na ukikwangua utaona kahawia. Lakini wako pia wasiokosa Jumapili hata moja, suti imenyooka, tabasamu lipo, majani yote mahali pake, nasi hatujawahi kuwauliza wanalalaje usiku. Na hao tuwakaribie.

Katika Luka 13:6-9 mtunza shamba aliomba mwaka mmoja zaidi kwa ajili ya mtini usiozaa, naye hakukaa kungoja tu. Aliahidi kuupalilia na kuutia samadi. Sisi tuliomba msumeno.

Jina la dada yetu limerudi kwenye orodha, naye ataamua mwenyewe lini aimbe. Tunayo majina saba ya watu ambao hatujawaona tangu Krismasi. Jumamosi hii saa nne asubuhi tukutane ukumbini tugawane, wawili wawili. Wenye magari waje na nafasi. Akina mama, safari hii msipike. Tunakwenda kukaa na kuuliza tu.